Masi ya molari: namba unayoipata ni ya nini hasa?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Niko kidato cha tatu, na kujumlisha namba za masi ya molari ninaweza, ila sielewi ninachojumlisha. Maji mara naambiwa ni 18, mara gramu 18, mara gramu 18 kwa moli. Klorini ina 35.5, sasa hiyo nusu imetoka wapi? Halafu kwenye Ca(NO₃)₂ nilipata 150 mwenzangu akapata 164, na kwenye CuSO₄·5H₂O nilipata 186 yeye akapata 250. Nani yuko sahihi? Na nje ya mtihani namba hizi zina kazi gani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mwenzako yuko sahihi mara zote mbili, na nitakuonyesha ulipoteleza. Lakini umefanya jambo la maana kuuliza kwanza namba yenyewe ni ya nini. Wengi hulirukia hilo wakakariri hatua, kisha wakifika kwenye taitresheni (jaribio la maabara la kudondoshea asidi kwenye besi) wanakwama na kudhani kemia ni ngumu, kumbe walichokikosa ni msingi wa siku ya kwanza.

Msingi ni huu: vitu vikiungana kikemia, vinaungana kwa idadi. Atomi mbili za hidrojeni kwa atomi moja ya oksijeni, unapata maji. Sodiamu moja kwa klorini moja, unapata chumvi. Shida ni kwamba mizani ya maabara haihesabu atomi, inapima gramu, na atomi ni ndogo kiasi kwamba hakuna namna ya kuzihesabu mojamoja. Fikiria duka la vifaa vya ujenzi linalouza misumari kwa kilo. Fundi akitaka misumari ya inchi nne na ya inchi mbili kwa idadi sawa, akipimiwa kilo mojamoja ataishia na rundo la inchi mbili lenye misumari mingi mno kuliko lile la inchi nne. Lakini akijua msumari mmoja mkubwa ni mzito mara ngapi kuliko mdogo, atapimiwa kilo tofauti na kuondoka na idadi zinazolingana bila kuhesabu hata msumari mmoja. Masi ya molari inatufanyia kazi hiyo. Inageuza gramu kuwa idadi, na idadi kuwa gramu.

Idadi tunayoitumia inaitwa moli. Moli moja ni chembe 602,214,076,000,000,000,000,000, yaani 6.02214076 × 10²³. Hapo zamani moli ilielezwa kuwa ni idadi ya atomi zilizomo ndani ya gramu 12 za kaboni-12 (aina mojawapo ya atomi za kaboni). Tangu tarehe 20 Mei 2019 idadi yenyewe ndiyo imewekwa rasmi, bila kutegemea kaboni, ingawa kwa hesabu zako hakuna kilichobadilika. Utauliza kwa nini ilichaguliwa namba ya ajabu hivi, badala ya trilioni kadhaa zilizokamilika. Sababu ni ya manufaa kabisa: kwa idadi hiyo, namba unayoisoma kwenye jedwali la elementi ndiyo hiyo hiyo unayoipima kwenye mizani kwa gramu. Oksijeni imeandikwa 16, basi moli moja ya atomi za oksijeni ina gramu 16. Chuma kimeandikwa 56, basi moli moja ya chuma ina gramu 56.

Sasa turudi kwenye 18 zako tatu.

Ile 18 tupu isiyo na kipimo ni ulinganisho. Inasema molekuli moja ya maji ni nzito mara 18 kuliko sehemu moja ya kumi na mbili ya atomi ya kaboni-12. Kwa kuwa ni uwiano wa masi kwa masi, vipimo vinafutana, ndiyo maana haina gramu. Gramu 18 kwa moli, yaani 18 g/mol, ndiyo masi ya molari yenyewe. Ni sifa ya maji, na haibadiliki hata kama una tone au una Ziwa Viktoria zima. Gramu 18 peke yake ni kiasi cha maji ulicho nacho unapokuwa na moli moja. Ukiwa na moli mbili una gramu 36, lakini masi ya molari inabaki 18 g/mol. Mtahini akikuuliza masi ya molari ukaandika “18 g”, umejibu swali lingine ambalo hakuuliza.

Gramu 18 za maji ni kama kijiko kimoja cha chakula na ziada kidogo. Ndani yake zimo molekuli 6.022 × 10²³. Ukigawa gramu 18 kwa idadi hiyo unapata masi ya molekuli moja, takriban 3 × 10⁻²³ g. Fanya hesabu hiyo mwenyewe walau mara moja. Inasaidia kuona kwamba moli ni kundi la vitu halisi, wala haikutungwa kwa ajili ya mitihani.

Kabla ya makosa yako, kuna kisa kimoja cha historia ambacho naomba usikipite, kwa sababu kinafanana sana na tatizo lako. Mwaka 1808 John Dalton wa Uingereza alitoa jedwali la uzito wa atomi, hidrojeni akaipa 1 na oksijeni akaipa 7. Saba, wala si 16. Vipimo vya wakati ule havikuwa safi, lakini kosa kubwa halikuwa kwenye mizani. Dalton aliamini kwamba molekuli ya maji ina hidrojeni moja na oksijeni moja, yaani HO. Hata kwa mizani bora kabisa, mtu anayeamini maji ni HO atapata oksijeni ni 8, kwa sababu katika maji kila gramu 1 ya hidrojeni huandamana na gramu 8 za oksijeni. Mwaka 1811 Amedeo Avogadro wa Italia alipendekeza kwamba gesi zenye ujazo sawa, kwenye jotoridi na kanieneo sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Ujazo mbili wa hidrojeni huungana na ujazo mmoja wa oksijeni, kwa hiyo maji lazima yawe H₂O, na oksijeni iwe 16. Wanakemia wengi hawakumfuata. Ilipita karibu nusu karne mpaka mkutano wa Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1860, ambako Mwitalia mwenzake, Stanislao Cannizzaro, aliitetea hoja hiyo kwa nguvu. Avogadro alikuwa ameshafariki miaka minne kabla.

Unaona? Fomula ikisomwa vibaya, masi inaharibika hata kama kujumlisha kwako hakuna dosari. Na hapo ndipo wewe ulipokosea mara zote mbili.

Chukua Ca(NO₃)₂. Ile 2 iliyo nje ya mabano inamiliki kila kilichomo ndani ya mabano: naitrojeni pamoja na oksijeni. Wewe ulichukua kalsiamu 40, naitrojeni moja 14, na oksijeni sita 96, ukapata 150. Oksijeni ulizizidisha, naitrojeni ukaisahau. Njia ninayoipenda ni kuhesabu kwanza bunda moja la ndani: NO₃ ni 14 + 48 = 62. Mabunda mawili ni 124. Ongeza kalsiamu 40, jibu 164 g/mol. Ukizoea kuona NO₃ kama kitu kimoja chenye 62, SO₄ kama 96, CO₃ kama 60, OH kama 17 na NH₄ kama 18, mabano hayatakusumbua tena, na kasi yako itaongezeka bila kukusudia.

CuSO₄·5H₂O ni kisa kizuri zaidi. Hii ni kopa salfeti ya buluu, ambayo wakulima wa kahawa wanaijua kwa jina la mrututu. Ile nukta ya katikati si alama ya kuzidisha. Inasema kwamba kwa kila CuSO₄ moja, fuwele imebeba molekuli tano za maji. Na ile 5 inamiliki H₂O yote. Wewe ulizidisha hidrojeni tu: 5 × 2 = 10, ukaongeza oksijeni moja 16, ukapata 26, na 160 + 26 ikakupa 186. Sahihi ni hivi: CuSO₄ ni 64 + 32 + 64 = 160; maji ni 5 × 18 = 90; jumla 250 g/mol. Shaba, yaani Cu, ukipewa kuwa 63.5, utapata 249.5, na hilo nalo ni sahihi.

Maji hayo si nadharia, unaweza kuyaona yakitoka. Mwombe mwalimu wako wa maabara mfanye jaribio hili. Pimeni gramu 2.50 za fuwele za buluu kwenye kikombe kidogo cha kauri cha kuchomea, pashieni moto taratibu huku mkikoroga. Fuwele zinaanza kupauka pembeni, zinavunjika kuwa unga, na mvuke unaonekana ukiganda kwenye kioo cha baridi mkikishikilia juu yake. Mwishowe unabaki unga mweupe wenye ukijivu kidogo. Acheni upoe, mpime: mkifanya kwa uangalifu mnakaribia gramu 1.60. Gramu 0.90 zimepotea, na ukigawa 0.90 kwa 2.50 unapata asilimia 36, sawasawa na 90 kwa 250. Kisha dondosheni tone la maji kwenye ule unga: buluu inarudi hapo hapo, na chombo kinapata joto. Angalizo: moto ukizidi, unga unageuka mweusi na kutoa gesi inayochoma mapafu, na kopa salfeti yenyewe ni sumu, kwa hiyo mikono ioshwe vizuri baadaye. Kwa mtu aliyefanya jaribio hili, 186 haiwezi kumpita bila kumshtua, maana inge­maanisha maji ni asilimia 14 tu.

Sasa nusu ya klorini. Hakuna atomi ya klorini yenye masi 35.5, hata moja. Klorini ya asili ina isotopi mbili, yaani aina mbili za atomi zenye masi tofauti: klorini-35, ambayo ni kama asilimia 75.8, na klorini-37, ambayo ni kama asilimia 24.2. Tofauti yao ni nyutroni mbili tu, kikemia zinafanya kazi ileile. Wastani wake: 0.758 × 35 + 0.242 × 37 = 26.53 + 8.95 = 35.48, ambao shuleni tunauandika 35.5. Kwa kuwa hata chembe ndogo kabisa ya chumvi ina atomi nyingi kupita kiasi, wastani huo unatufaa daima. Elementi nyingine nyingi nazo ni hivyo hivyo, ila kwa baadhi yake wastani umeangukia karibu na namba nzima. Hidrojeni kamili ni 1.008, oksijeni 15.999, kaboni 12.011. Kwenye mtihani tumia zile zilizoorodheshwa kwenye karatasi, hata kama jedwali la ukutani kwenu lina desimali zaidi.

Kuna kosa moja hukuliuliza lakini litakufikia. Ukiambiwa “moli moja ya oksijeni”, uliza: ya nini, atomi au molekuli? Moli moja ya atomi O ni gramu 16. Moli moja ya gesi ya oksijeni tunayoivuta ni O₂, gramu 32. Ndivyo ilivyo pia kwa H₂, N₂, Cl₂ na wenzao. Na kwa chumvi ya mezani, NaCl, hakuna molekuli. Kuna ioni, yaani chembe zenye chaji, zilizopangana, na 58.5 g/mol ni ya sodiamu moja na klorini moja kwa pamoja.

Tukiwa na masi ya molari, moli zinapatikana kwa kugawa: gramu ulizo nazo, kwa gramu kwa moli. Alama ni n = m ÷ M, ambapo n ni moli, m ni gramu na M ni masi ya molari. Sina haja ya kukaa hapo, hiyo unaijua. Nikujibu swali lako la mwisho, kazi yake nje ya mtihani, na nina mfano ninaouheshimu kuliko yote.

Tafuta pakiti ya ORS, ile dawa ya kuchanganya na lita moja ya maji anayopewa mtoto anayeharisha. Fomula ambayo WHO na UNICEF zilianza kuipendekeza mwaka 2002 ina vitu vinne: chumvi ya kawaida NaCl gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, potasiamu kloridi gramu 1.5, na trisodiamu sitireti yenye maji mawili gramu 2.9. Jumla gramu 20.5. Ukitazama gramu tu, utasema ni dawa ya sukari yenye chumvi kidogo, kwa sababu glukosi imezidi chumvi zaidi ya mara tano. Geuza sasa kuwa moli.

Glukosi ni C₆H₁₂O₆: 72 + 12 + 96 = 180 g/mol. Gramu 13.5 kwa 180 ni moli 0.075. Chumvi: 2.6 kwa 58.5 ni moli 0.044 za sodiamu. Sitireti ni Na₃C₆H₅O₇·2H₂O, na hapa kuna ile nukta yetu tena: 69 + 72 + 5 + 112 = 258, ongeza maji 36, unapata 294. Gramu 2.9 kwa 294 ni moli 0.0099, lakini kila moja ina sodiamu tatu, kwa hiyo sodiamu ni moli 0.030. Jumlisha sodiamu yote: 0.044 + 0.030 ni kama 0.074, na kwenye karatasi ya WHO imeandikwa milimoli 75 kwa lita, yaani moli 0.075. Glukosi nayo, milimoli 75. Zimelingana!

Hazikulingana kwa bahati. Kwenye ukuta wa utumbo mdogo kuna protini inayopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja. Kimoja kinamsaidia mwenzake kuingia, na maji yanafuata nyuma yao. Mtoto anayeharisha anahitaji maji hayo yaingie mwilini. Protini ile haijui gramu, inajua idadi ya chembe, na waliotunga fomula walilazimika kufikiri kwa moli. Ndiyo maana pia maelekezo yanasisitiza lita moja kamili, wala si kikombe cha kukadiria: maji yakipungua, chembe zinazidi ndani ya kila kikombe, na mchanganyiko mzito kupita kiasi unaweza kuvuta maji kutoka mwilini badala ya kuyaingiza.

Mfano wa pili uko ghala la mbolea. Urea ni CO(NH₂)₂. Hesabu: 12 + 16 + 2 × 16 = 60 g/mol. Naitrojeni ni mbili, 28. Gawa 28 kwa 60, unapata asilimia 46.7, na kwenye mfuko imeandikwa 46. Mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, ni (NH₄)₂SO₄: 36 + 96 = 132, naitrojeni tena 28, asilimia 21.2, na mfukoni imeandikwa 21. Kwa hiyo mfuko wa kilo 50 wa urea una naitrojeni kilo 23, wa SA una kilo 10.5. Mkulima akilinganisha bei ya mfuko kwa mfuko anajidanganya. Alinganishe bei ya kilo ya naitrojeni, kisha akumbuke kwamba SA inampa salfa pia, ambayo udongo mwingine unaihitaji.

Nimekuachia kazi moja yenye kila kitu tulichozungumza. Magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi, Kenya, ni madini ya trona, Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Nukta mbili safari hii, usiziogope. Masi yake ya molari inatakiwa kukutokea 226 g/mol. Yakichomwa, moli mbili za trona hutoa moli tatu za sodiamu kaboneti, moli tano za maji na moli moja ya kaboni dioksidi. Sodiamu kaboneti hiyo ndiyo inayokwenda viwanda vya vioo. Ukianza na kilo 1,000 za trona safi, utabaki na kilo ngapi za sodiamu kaboneti, kilo ngapi zitaondoka kama mvuke wa maji, na ngapi kama kaboni dioksidi? Ya kwanza nakutajia ili ujipime: ni kama 704. Zile mbili zitafute mwenyewe, uzijumlishe na 704, na jumla ikikataa kurudi 1,000 rudi kwenye fomula uhesabu atomi upya kabla hujagusa kikokotoo.